Fundi anayeuliza kwanza: SSD mpya, Windows na Mint kwenye kompyuta ya steshenari

Kama una kompyuta ya kazi hapa Mwanza na unataka kuiwekea SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, mpelekee fundi wa ghorofani pale Makoroboi, na uende ukiwa na muda. Wenzangu wa steshenari nimekuwa nikiwaambia hivyo kwa mdomo, na kila mmoja ananiuliza swali lile lile: kwani si fundi yeyote anaweza kuchomeka SSD? Kuchomeka, ndiyo. Nyaya mbili na skrubu chache, kazi imeisha. Kazi yenyewe iko katikati, baada ya kuchomeka na kabla ya kupiga Windows, pale diski inapogawanywa. Hapo ndipo mafundi wengi wanapita mbio, na ndipo huyu alipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Nina steshenari Malimbe, upande wa chuo kikuu cha SAUT. Nachapa, naprinti, natoa kopi, nabaindi, napiga picha za pasipoti. Wateja wangu wakubwa ni wanafunzi, halafu walimu, halafu wafanyabiashara wa samaki wa Luchelele wanaokuja kuchapa mikataba na kujaziwa fomu za mtandaoni. Kompyuta ninayoitegemea ni HP EliteDesk 800 G2, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, na ndani yake kulikuwa na diski ya kuzunguka ya GB 500. Mashine haina ubaya wowote isipokuwa hiyo diski. Msimu wa wanafunzi kukabidhi ripoti za utafiti foleni inatoka nje hadi kwenye jua, na mimi nimekaa natazama kiduara kikizunguka, Word haijafunguka bado.

Shida ya pili ni virusi. Steshenari inapokea flashi za kila mtu, na flashi za wanafunzi zimepita kwenye kompyuta za watu wengi kabla ya kufika kwako. Windows inaharibika, unaita fundi, fundi anapiga Windows upya. Mara ya mwisho kabla ya huyu ninayemsifu, nilimwambia fundi aliyekuja kwamba kazi zangu zote ziko D, kipande cha pili cha diski, afute C yenye Windows peke yake. Kwenye ile orodha ya setapu alifuta mistari yote, akatengeneza C moja kubwa, akaniambia sasa kompyuta ni nyepesi. Vilikwenda vielelezo vyangu vyote vya kurasa za mbele za ripoti, picha za wateja, na kazi za wanafunzi ambao walikuwa wamelipa nusu. Vijana wale walirudi kuchapiwa upya na ripoti zao zikachelewa, na hakuna aliyefidiwa kitu. Kwa hiyo nikisema ugawaji wa diski ndio kipimo cha fundi, nina sababu.

Huyu wa Makoroboi ni kijana mpole. Nilifika na CPU yangu nimeipakia kwenye bajaji kutoka Malimbe, nikamwambia nataka SSD na Windows. Hakushika bisibisi. Alivuta daftari la mistari akaanza kuniuliza. Mama, unafanya kazi gani na hii mashine? Mafaili yako yote yakikusanywa yana GB ngapi? Flashi za watu zinachomekwa hapa hapa au kuna mashine nyingine? Printa ni ya aina gani? Una UPS? Nani mwingine anaitumia? Nilijibu yote, akawa anaandika. Baada ya hapo alichora mstari mrefu kwenye karatasi na kuukata vipande, akaandika namba juu ya kila kipande, akanigeuzia karatasi: hivi itakufaa?

Kwanza tulimalizana na suala la Windows ipi. Core i5 ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11. Kwa Intel orodha hiyo kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8, na inataka pia TPM 2.0, chipu ya usalama. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa apdeti za usalama za ziada kwa watu binafsi unaofika 13 Oktoba 2026, lakini lazima ujiandikishe. Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani, na inaingia kweli. Yeye aliniambia waziwazi: "Naweza kukuwekea kwa kuzunguka ukaguzi, mama, ila Microsoft hawakuahidi kuipa apdeti mashine iliyoingizwa hivyo. Wewe una foleni mlangoni, hiyo si mashine ya kufanyia majaribio." Akapendekeza mifumo miwili kwenye diski moja. Windows 10, ikiwa imeandikishwa kwenye apdeti za ziada, kwa ajili ya Word na picha za pasipoti. Na Linux Mint 22, mfumo mwingine usio Windows, kwa ajili ya kufungua flashi za watu na kuingia mtandaoni. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na ina apdeti hadi 2029, kwa hiyo hata Windows 10 ikifika mwisho kabisa, kompyuta haibaki bila kinga.

SSD aliyonipa ni Samsung 870 EVO ya GB 500, ile ya inchi 2.5 inayotumia waya wa SATA. Kampuni inaiandikia kasi ya kusoma hadi MB 560 kwa sekunde na kuandika hadi MB 530, na udhamini wa miaka 5 au TB 300 za kuandika, kinachotangulia. SATA yenyewe ndiyo inayofunga breki hapo, kwa hiyo kwa tundu lile hakuna haja ya kutafuta namba kubwa zaidi. Diski ya zamani ya kuzunguka inatoa kama MB 100 na kidogo kwa sekunde ikiwa na bahati, lakini tofauti unayoihisi zaidi ni kwamba SSD haina sindano ya kusubiri ifike mahali. Mafaili madogo madogo elfu nyingi ya Windows yanasomwa papo hapo. Alipofunga kazi alifungua programu ya Samsung Magician kunionyesha kwamba diski inatambulika kuwa halisi, na akaandika serial namba yake ya kiwandani kwenye risiti. Kwa mji ambao diski bandia zinauzwa peupe, hiyo namba kwenye risiti ina thamani.

Jambo moja la kuwatoa watu wasiwasi: ukiifungua utaona GB 465, siyo 500. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1 kamili, Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Baiti ni zile zile.

Sasa kazi yenyewe. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kuwasha chochote, alichomoa waya wa diski yangu ya zamani kutoka kwenye ubao, akaitoa diski yenyewe na kuiweka mezani mbele yangu. "Hii ina kazi zako. Nikikosea namba ya diski, ikiwa haipo ndani siwezi kuifuta." Nilitamani yule fundi wa mwanzo angekuwepo ashuhudie. Ni kitendo cha sekunde chache na kinaondoa hatari yote.

Aliwasha, akabonyeza F9, kwenye menyu akachagua flashi yake ya Windows kwenye mstari ulioandikwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta, siyo ule wa Legacy, njia ya zamani. Kama flashi ikianza kwa njia ya Legacy, Windows itadai diski iwe na jedwali la MBR, yaani ramani ya vipande vya diski, ambalo ni la zamani: linakubali patisheni (vipande) kuu nne tu, haliwezi kutumia zaidi ya TB 2, na liko mahali pamoja tu mwanzoni mwa diski, likiharibika umepoteza ramani nzima. GPT, jedwali jipya, ina nakala ya pili mwishoni mwa diski, na Windows inaruhusu hadi patisheni 128. Kwa mashine ya UEFI hakuna sababu ya kurudi kwenye MBR, na bado nakutana na kompyuta za wenzangu, za mwaka ule ule na yangu, zilizopigwa kwa MBR kwa sababu fundi alichagua mstari wa kwanza aliouona.

Setapu ilipofunguka hakubonyeza kitufe chochote cha kuendelea. Alibonyeza Shift na F10 kwa pamoja, dirisha jeusi likafunguka, akaandika diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski. Aliandika list disk, ikatokea diski moja peke yake, ya GB 465, akaniita niione. Ndipo akaandika select disk 0, clean, convert gpt. Akaandika tena list disk. Upande wa kulia chini ya neno Gpt pakawa na kinyota. Hapo tukaanza kukata kwa kufuata karatasi.

Cha kwanza, patisheni ya EFI, MB 512, fomati ya FAT32. Hiki ndicho kipande ambacho kompyuta inakisoma kwanza ili kujua mifumo iliyomo. Ukiiachia Windows ifanye yenyewe, kwa kawaida inajitengea MB 100. Kwa mfumo mmoja zinatosha. Ukiweka miwili na apdeti zake zinaanza kubana, na kuikuza baadaye ni kazi ngumu kwa sababu C imekaa ubavuni mwake. MB 412 za ziada kwenye diski ya GB 465 hazionekani hata kidogo.

Cha pili, ile ndogo ya MSR, MB 16, Windows inaitaka na haina maelezo zaidi.

Cha tatu, C. Aliandika create partition primary size=122880. Nilimuuliza hiyo namba ya ajabu imetoka wapi: diskpart inahesabu kwa MB, na GB 120 mara 1,024 ni 122,880. GB 120 kwa Windows, Office na programu zangu chache ni nyingi. Wapo wanaoibana C kwa GB 60 ili D iwe kubwa, halafu mwaka haujaisha apdeti zinakataa kuingia na C imekuwa nyekundu. Usibane C.

Cha nne, nyuma ya C moja kwa moja, GB 1 kwa ajili ya mazingira ya ukarabati wa Windows. Hapa alinieleza jambo nililokuwa nimeliona kwa macho bila kulielewa. Januari 2024 Microsoft walitoa apdeti yenye namba KB5034441, na kompyuta nyingi za Windows 10 zikaikataa kwa kosa la 0x80070643. Sababu ilikuwa patisheni ya ukarabati kuwa ndogo mno. Yangu iligoma wakati ule, nikaambiwa ni intaneti. Kumbe ni kipande kilichokatwa kidogo tangu siku ya kwanza.

Cha tano, GB 50 aliiacha kwa ajili ya Mint, bila kuifomati huko kwenye Windows. Watengenezaji wa Mint wanataja GB 20 kuwa kiwango cha chini na GB 100 kuwa kinachopendekezwa. Kwa kuwa kazi zangu hazikai ndani ya Mint, 50 zinatosha.

Cha sita ni D yenyewe, GB 250, fomati ya NTFS ili mifumo yote miwili iweze kusoma na kuandika. Akaipa jina KAZI. Na mwishoni kabisa zikabaki kama GB 44 ambazo hakuzigawa kabisa. Nilidhani amesahau. Alikuwa na sababu mbili. SSD inafanya kazi vizuri ikiwa na nafasi tupu ya kuhamishia data kwa ndani, na Samsung wenyewe wameweka kwenye Magician kipengele cha kutenga nafasi ya namna hiyo. Sababu ya pili ndiyo iliyonigusa mimi: Windows inaweza kuikuza patisheni kuelekea kulia tu, kwenye nafasi tupu iliyo ubavuni mwake. D ikijaa, naikuza kwa dakika moja bila kufuta kitu. Ndiyo maana D imekaa mwisho na utupu uko baada yake.

Nilimuuliza pia lile jambo linalosemwa sana vijiweni kwamba ukiigawa SSD inachakaa upesi, upande wa C unakufa kwanza. Si kweli. Kwenye diski ya kuzunguka patisheni ni eneo halisi la sahani, na lile la mwanzo, la pembezoni, lina kasi zaidi. Kwenye SSD patisheni ni mpaka wa kwenye jedwali tu. Kidhibiti cha ndani kinasambaza uandishi kwenye chipu zote bila kujali C inaishia wapi. Gawa unavyotaka. Zamani mafundi walihangaika pia na mwanzo wa patisheni kutolingana na kurasa za SSD, jambo la enzi za XP. Tangu Windows Vista mwanzo unawekwa kwenye MB 1 wenyewe.

Windows ikaingia kwenye kipande cha GB 120, bila mikogo. Halafu Mint. Windows inatangulia kwa sababu ikija ya pili inajiweka yenyewe mbele kwenye kuwaka, wakati Mint ikija ya pili inaitambua Windows na kuipa nafasi kwenye menyu. Kwenye setapu ya Mint alichagua njia ya kugawa mwenyewe, akaipa ile GB 50 fomati ya ext4 na alama ya mkwaju (/), maana yake Mint ikae hapo, akaielekeza kwenye EFI ile ile ya MB 512. Hapo alisimamisha kidole juu ya kisanduku cha kufomati EFI, akanionyesha kwamba hakina tiki. Kingewekwa tiki, vianzio vya Windows vingefutika na Windows isingewaka tena. Kwa anayejaribu mwenyewe nyumbani, kisanduku hicho ndicho cha kukitazama mara mbili.

Wengi wangemalizia hapo na kuita kazi imekwisha. Lakini D ikiwa tupu na mafaili yakiendelea kuhifadhiwa kwenye desktopu, yote hayo ni bure, maana desktopu iko ndani ya C. Aliingia kwenye folda za Desktop, Documents, Downloads na Pictures, akabonyeza kulia, akafungua ukurasa wa Location na kuzihamishia KAZI moja baada ya nyingine. Sasa binti ninayefanya naye kazi anahifadhi pale pale alipozoea, na faili linaangukia D bila yeye kujua. Kazi hii haimpendezi mtu machoni, lakini ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Siku Windows ikiharibika, fundi yeyote anaweza kuifuta C na kuipiga upya. Kazi za wateja hazimo humo.

Alizima pia ile Fast Startup, kipengele cha Windows cha kuwaka haraka. Ikiwa imewashwa, Windows ukiizima inalala nusu na kuziacha patisheni za NTFS zikiwa kama zimefunguliwa, na Mint ikija inakataa kuandika kwenye KAZI. Na akanionyesha amri ya kukagua kama TRIM, yaani mfumo kuiambia SSD nafasi ipi haitumiki tena, inafanya kazi: fsutil behavior query DisableDeleteNotify, jibu likiwa 0 maana yake ipo. Mint inafanya yake kila wiki.

TRIM inakuja na jambo ambalo kila mwenye steshenari anatakiwa kulijua. Kwenye diski ya zamani mwanafunzi akifuta faili kwa bahati mbaya, nilikuwa naendesha Recuva, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, na mara nyingi nalipata. Kwenye SSD, mfumo ukishaiambia diski kwamba nafasi ile haitumiki, inasafishwa, na faili limekwenda moja kwa moja. Na kugawa diski si bakapu. C na D ziko ndani ya kasha moja; SSD ikifa zinakufa zote siku moja. Aliniambia hivyo kabla sijamlipa, akaichukua diski yangu ya kuzunguka iliyokuwa mezani, akaipima ikiwa bado nzima, akaitia kwenye kasha la USB la kununua, tukahamisha kazi zangu kwenda KAZI. Sasa ile diski ya zamani ndiyo bakapu. Jioni naichomeka, nanakili, naichomoa na kwenda nayo nyumbani.

Matokeo yake dukani yalionekana siku chache baadaye. Alikuja binti kutoka Sweya, mwaka wa tatu, macho mekundu. Flashi yake imebaki na alama za mkato tupu, kila folda ina kimshale, ukibonyeza inasema haipo. "Anti, ni ripoti yote. Msimamizi anataka leo." Kwenye Windows nisingethubutu kuichomeka. Nikawasha Mint, nikaichomeka, nikabonyeza Ctrl na H kuonyesha vilivyofichwa. Folda zake zote zilikuwepo, zimefichwa ndani ya folda moja isiyo na jina, na pembeni faili la virusi likiwa limekaa tu, halina la kufanya kwenye Linux. Nikanakili ripoti kwenda KAZI, nikaifomati flashi mbele yake, nikamrudishia. Alikaa kwenye benchi akalia kidogo, kisha akaniuliza kuprinti ni shilingi ngapi. Kabla ya mpangilio huu ningemwambia pole, nenda kwa mtu mwingine.

Kasoro zipo na nazisema kwa uzito ule ule. Kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni kuzima na kuwasha. Ni chini ya dakika, lakini foleni ikiwa ndefu dakika inaonekana. Ripoti za Word zikifunguliwa kwenye LibreOffice ya Mint namba za kurasa na majedwali vinaweza kusogea, kwa hiyo kuprinti ripoti ya mwanafunzi nafanyia Windows tu, au naomba PDF. Hayo ni ya mpangilio wenyewe.

La fundi ni saa. Nilipofika dukani nikagundua kila nikitoka Mint kwenda Windows saa inarudi nyuma masaa matatu. Sababu ni kwamba Linux inahifadhi saa ya ubao kwa wakati wa dunia, Windows inaisoma kama wakati wa hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa masaa matatu kamili. Hili alipaswa kulimaliza mezani kwake, hasa kwa mtu ambaye risiti zake zina saa. Nilimpigia, akapokea mara ya kwanza, akanisomea herufi kwa herufi: timedatectl set-local-rtc 1. Nikaandika kwenye Mint, tatizo likaisha. Hakunichaji wala hakuniambia nirudi mjini. Pia alisema kazi ingeisha mchana na iliisha jioni, na kupanda zile ngazi nyembamba na CPU mkononi si mchezo. Hakuna kibao chini, inabidi uulizie.

Ufundi wote, yaani kugawa, mifumo miwili, kuhamisha mafaili na kusafisha vumbi, nililipa 40,000. SSD 165,000, kasha la USB 15,000. Wapo wanaopiga Windows kwa 10,000 na wanamaliza wakati unakunywa chai. Kwa kompyuta ya nyumbani ya kuangalizia filamu, nenda huko, hutapoteza kitu. Kwa kompyuta inayobeba kazi za watu nampa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano ningempa kama angekagua saa kabla ya kunikabidhi.

Nenda asubuhi mapema, siku ya kazi. Kama ni CPU huna haja ya kubeba skrini, anayo; ila beba nywila zako na orodha ya programu unazotumia kweli, kwa sababu ataiulizia. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, chukua kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, la sivyo diski ya zamani haitafunguka na atakurudisha. Fika ukiwa unajua mafaili yako yana GB ngapi. MacBook hapokei.